Sauti Iliyofungwa Ukutani

Kitendawili hiki ni chako wewe uliyekaa hapo, usimtazame jirani yako: ninaye mnyama wangu, nikimfunga kamba anasema, nikimfungua anakufa. Ni nani huyo?

Usiniambie mbuzi. Mbuzi ukimfungua hafi, anakwenda kula mboga za watu na kesi inakuwa yako. Usiniambie mtoto mchanga na kitovu chake. Huyo ni kinyume, ukikata kamba ndipo anapoanza makelele, na hanyamazi tena mpaka azeeke. Umeshindwa? Wengine wangekudai mji mzima. Mimi mji nitaupeleka wapi? Nipe masikio tu. Mnyama huyo ni laptopu ambayo betri yake haichaji. Ukiichomeka ukutani inafanya kazi kama kawaida, ukichomoa waya inafumba macho papo hapo.

Kwa watu wengi hilo ni jambo la kusonya na kupita. Lakini alikuwapo mwanamke mmoja, wakimwita Tarumbeta, ambaye laptopu hiyo ndiyo ilikuwa koo lake.

Jina la Tarumbeta alipewa na wateja, si na wazazi. Alikuwa mnadi. Kila wiki watu walileta uani kwake makabati, vitanda, majiko, na saa za ukutani zisizojua saa, naye alipanda juu ya kreti la soda akavinadi kimoja kimoja. Akipaza sauti pale uani, mtu wa mtaa wa pili anaacha mswaki mdomoni asikilize. Aliwahi kuuza kiti cha miguu mitatu kwa mtu aliyekuja kutafuta meza, na mtu yule akaondoka anashukuru.

Kisha koo likaugua. Madaktari wakakata, wakatoa ubaya, na sauti ikaondoka pamoja na ubaya. Alirudi nyumbani na kitundu shingoni, kimefunikwa kitambaa, na onyo moja ambalo hakulisahau: koo hili lisipigwe na baridi.

Aliyemletea laptopu ni mkwewe, mpokea wageni katika hospitali ya meno, mke wa mwanawe wa pekee. Ofisini walibadilisha mashine, akaomba moja kuukuu, akaitia programu ya kusema. Unaandika maneno, unabonyeza, mashine inayasoma kwa sauti. Tatizo ni sauti yenyewe. Ilikuwa ya binti mpole, kama wale wanaotangaza kwamba kesho kutakuwa na mawingu. Tarumbeta akiandika, "Toka hapa, mwizi wa mchana wewe," binti yule aliyasema taratibu, kwa adabu, mpaka mwizi mwenyewe angeweza kusema asante. Mwanzoni Tarumbeta alichukia. Baadaye akagundua kwamba tusi lililosemwa kwa upole linachoma zaidi, akaanza kufurahia.

Mwanzoni laptopu ilishika chaji nusu siku nzima. Tarumbeta aliibeba mkononi kutoka chumbani mpaka uani, akawasalimia majirani juu ya ukuta, akabishana na muuza maziwa. Kisha, polepole, ikaanza kukataa. Waya umechomekwa, kitaa cha chaja kinawaka, lakini chini ya skrini pameandikwa: imechomekwa, haichaji. Betri ikakauka mpaka tone la mwisho. Tangu siku hiyo Tarumbeta aliweza kusema mahali pamoja tu, kwenye meza ya kupigia pasi, ubavuni mwa soketi ya sebuleni. Mtu aliyesikika mitaa miwili sasa sauti yake imefungwa ukutani, na kamba yenyewe ni fupi.

Ndipo ndugu zake wakaja kukaa kikao.

Aliyekiita kikao ni mdogo wake wa kiume, seremala, wakimwita Bwana Mbao kwa kuwa mbao zake zilikuwa nyingi kuliko mahali pa kuziweka. Mtoto wa Tarumbeta alikuwapo, mtunza stoo, mtu wa maneno machache aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na kalamu yake sikioni. Mkwe alikuwapo, anamimina chai.

"Tusifichane," alianza Bwana Mbao. "Dada amechoka. Mtu akichoka anapumzishwa. Kwa mwanawe kuna chumba cha nyuma, kizuri, kina dirisha. Nyumba hii na huu ua msiwe na wasiwasi navyo, nitavitunza mimi."

"Kwa mbao zako, Mjomba," alisema mkwe, macho kwenye birika.

"Mbao zina ubaya gani? Mbao hazigombani na mtu."

Tarumbeta alikuwa ameshaanza kuandika, vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Alipobonyeza, binti mpole alifungua kinywa: "Mimi sijachoka. Nyumba hii ni—"

Kimya. Bwana Mbao, jasho likimtoka, alikuwa amejinyoosha kuivuta feni karibu yake, akachomoa plagi ya laptopu, akachomeka ya feni. Hakufanya kwa makusudi, mara ile. Feni ikaanza kuzunguka, skrini ikawa nyeusi, na watu wote wakabaki wanamtazama Tarumbeta kama wanaomsubiri mtu amalize chafya.

"Nyumba hii ni kubwa," alimalizia Bwana Mbao. "Ndicho alichotaka kusema. Ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Umenena kweli, Dada."

Tarumbeta akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Mnaona? Na meza anapiga. Amekubali."

Alishika karatasi ya kufungia sukari akaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA HII NI YANGU. Akampa mdogo wake. Bwana Mbao alijipapasa mfuko wa shati, akajipapasa mfuko wa suruali. "Miwani nimeisahau," alisema. Miwani aliisahau kila palipokuwa na kitu cha kusoma. Karatasi ikaenda kwa mwana. Mwana akaisoma, akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfukoni, na hakumtazama mama yake.

"Basi imepita," alisema Bwana Mbao. "Jumamosi tunakuja na pikapu. Hakuna aliyepinga, na kunyamaza ni kukubali."

Kunyamaza! Kumwambia Tarumbeta kwamba amenyamaza! Walipoondoka alikaa pale mezani, mkono juu ya ile mashine iliyokufa. Hakulia. Kulia kwake sasa hakukuwa na mlio, na kilio kisicho na mlio aliona ni kupoteza maji bure.

Asubuhi alijifunga kanga kiunoni akaanza kazi. Kanuni yake ya mnada ilikuwa moja: kitu kikiingia uani, hakipandi jukwaani mpaka kikaguliwe, na hakiitwi kibovu mpaka ijulikane kibovu chake kiko wapi. Watu huleta redio wanasema imekufa, kumbe waya umekatwa na panya. Alichomeka pasi katika soketi ile ile. Pasi ikawaka moto. Soketi basi haina kosa. Akaipeleka laptopu chumbani, akachomeka kwenye soketi ya huko. Haichaji. Akaikagua chaja, akafuata waya wake wote kwa vidole kama anayetafuta fundo kwenye uzi, akatikisa kile kichwa kinachoingia kwenye mashine. Hakikulegea. Mkwe alimletea chaja nyingine ya aina ile ile kutoka ofisini. Haichaji.

"Kazini wamesema tuizime," alisema mkwe, "tuchomoe kila kitu, halafu tushikilie kitufe cha kuwashia tukihesabu polepole. Kuna umeme huwa unabaki tumboni."

Wakashikilia. Mkwe akahesabu kwa sauti, Tarumbeta akahesabu kwa kichwa. Wakawasha. Imechomekwa, haichaji.

"Mama, labda imezeeka."

Tarumbeta akaandika, na binti mpole akasema: "Hata mimi nimezeeka. Nani ameniona nikikataa chakula?"

Mkwe akacheka mpaka akashika ukuta.

Kibanda cha fundi kilikuwa karibu na kituo cha mafuta. Fundi alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye tabia ya kuipa pole kila mashine kabla ya kuifungua, na kwa hiyo mtaa mzima ukamwita Fundi Pole. Tarumbeta alifika na laptopu yake ndani ya mfuko. Kabla ya kuiweka mezani aliivua kava, akaikunja vizuri, akaishika kwapani. Ndiyo adabu, mtoto hapelekwi kwa daktari na koti lake.

"Pole," Fundi aliiambia laptopu. Akamgeukia mwenye mashine. "Na wewe mama pole."

Tarumbeta alichomeka, akawasha, akaandika. "Usinipe pole. Nipe jibu."

Fundi akaruka hatua moja nyuma. Mteja aliyekaa kwenye benchi akisubiri simu yake akaangua kicheko. "Fundi, leo umejibiwa na mgonjwa mwenyewe!"

Fundi alijikusanya, akainama kwenye skrini, akakunja uso. "Mama, mbona inachaji?"

Tarumbeta akatazama. Kweli. Kitaa kilikuwa kimebadilika rangi, na pale chini pameandikwa: inachaji.

Alirudi nyumbani moyo ukicheza ngoma. Akaivisha kava, akaiweka juu ya mto wake pale mezani, akachomeka. Iliendelea kidogo. Alipotoka jikoni na kikombe chake, akainama kusoma: haichaji. Asubuhi akarudi kwa Fundi, akaivua kava, wakachomeka: inachaji. Nyumbani: haichaji. Ilikuwa kama mtoto anayelialia tumbo usiku kucha, ukifika naye hospitali anamchekea daktari na kumshika pua.

"Mama, hii imempenda fundi," alisema mteja wa benchi, ambaye simu yake bado haikuwa tayari. "Mwachie tu mahari izungumzwe."

Fundi hakucheka. Alikuwa amevuta kiti akakaa kabisa. "Sikiliza, mama. Nikikuambia betri imekufa nitakuwa muongo. Betri iliyokufa haili kwako wala kwangu. Hii kwangu inakula vizuri, kwako inafunga mdomo. Haijafa." Akagonga meza kwa kidole. "Imegoma. Na anayegoma ana sababu. Umeme wako nimeuulizia, chaja nimeijaribu. Kuna kitu nyumbani kwako hakipo hapa, au kilichopo hapa kwako hakipo. Kitafute hicho."

Mabega ya Tarumbeta yakatikisika. Ndivyo alivyocheka siku hizi. Akaandika, na binti akasema kwa sauti yake ya mawingu ya kesho: "Imegoma. Basi ni ndugu yangu wa damu."

Ijumaa mkwe alikuja na maboksi. Alitumwa kufunga vyombo, na alivifunga kama mtu anayefunga vitu vya wizi, kila kimoja akikitazama kabla ya kukivika gazeti. Tarumbeta alikaa mezani kwake karibu na ukuta, amemkazia macho.

"Mama, usinitazame hivyo. Mimi nimetumwa."

"Aliyekutuma yuko wapi?" aliuliza binti wa mashine.

"Anaona aibu. Mama, mwanao halali vizuri. Kila jioni anapotoka kazini anapita hapa kukuangalia, unamwona. Usilolijua ni kwamba akifika pale kwenye kona husimama kwanza, anajipa moyo ndipo aje. Anaogopa siku moja atafungua mlango akukute umeanguka chini, na hukuweza kumwita mtu."

Tarumbeta alikaa na neno hilo. Lilikuwa na uzito, hakulikataa. Aliandika polepole kuliko siku zote. "Kwa hiyo ananizika mapema, asije akachelewa."

Mkwe alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akajifuta kwa gazeti la kufungia sahani, wino ukampaka shavuni. Ili apate la kufanya akashika kitambaa, akainyanyua laptopu apanguse meza.

"Mama wee! Inachoma!"

Aliishika nusura aiangushe. Tarumbeta akainuka akaipokea. Aliipindua juu chini, kama alivyopindua maelfu ya vitu vya watu, maana muuzaji hukuonyesha uso wa kitu na ukweli wote uko chini. Akaweka kiganja. Joto lilipita hata katikati ya kava, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Sasa ujue habari ya kava lile. Alilishona mwenyewe, kwa mkono, kutoka kwenye blanketi la sufi lililokuwa limechanika pembe. Lilikuwa nene, limepigwa mistari ya uzi mwekundu, na ubavuni limetobolewa tundu la kupitisha waya. Si urembo. Alilishona wiki ile ile alipoletewa laptopu, akiwa bado na bandeji shingoni na onyo la daktari masikioni: koo hili lisipigwe na baridi. Mashine ilikuwa ndiyo koo lake. Sasa angeachaje koo lake lilale wazi juu ya meza? Akalivisha, akalilaza juu ya mto, na zilipoanza siku za upepo akaliongezea na kipande cha flana ndani.

Alilitazama kava. Akatazama mikono yake. Kwa Fundi alilivua kwanza, kila mara, kwa adabu. Nyumbani alilivisha kwanza, kila mara, kwa upendo. Akalivua sasa hivi, kwa haraka, akaona vile vitundu vidogo vya chini vya kupumulia vimejaa manyoya ya blanketi kama masikio ya mzee.

Avipulize? Hakuwa na pumzi ya kupuliza, pumzi yake ilitokea shingoni. Akampa mkwe ishara, mkwe akapuliza, manyoya yakaruka. Kisha Tarumbeta akafungua boksi la vyombo akaanza kutoa alichokitaka.

"Mama! Hilo nimeshalifunga!"

Akatoa kichanja cha waya cha kukaushia sahani, akakisimamisha mezani, akaiweka laptopu juu yake, uchi kabisa, hewa ikapita chini na juu. Akachukua gazeti akaipepea. Wanawake wawili wakavuta viti wakakaa wakaitazama, kama watu waliokaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mkwe alikuwa anaigusa tumbo mara kwa mara. Ilipoa kidogo. Ikapoa zaidi. Kitaa cha ubavuni kikabadilika rangi.

Inachaji.

Mkwe alipiga kigelegele, akajiziba mdomo kwa viganja viwili, akatazama dirishani kama kuna mtu amesikia. Akampigia Fundi simu, akaiweka sauti ya nje.

"Mmeivisha nini?" aliuliza Fundi.

"Blanketi."

"Blanketi!" alisema Fundi. "Pole yake. Betri ikizidiwa na joto inajifunga mdomo yenyewe isije ikaharibika. Hiyo ilikuwa inajiokoa, maskini, na nyinyi mnaifunika. Iacheni wazi. Ina uzima."

Tarumbeta alipapasa vitufe. "Nilidhani makoo yote yanataka joto," alisema binti wa mashine, na safari hii upole wa sauti yake ulilingana na maneno.

"Nimwambie mwanao?" aliuliza mkwe. "Nivifungue hivi vyombo?"

"Acha maboksi yalivyo. Usimwambie mtu. Waje na pikapu yao."

Walikuja. Bwana Mbao alitangulia, futi ya kupimia mkononi, na kabla hata ya kubisha hodi alikuwa ameshaupima ukuta wa uani na kuweka alama kwa chaki. Miwani ilikuwa juu ya kipaji chake, inang'aa. Mwana alikuja nyuma amebeba kamba ya kufungia mizigo. Dereva wa pikapu alibaki getini, mguu mmoja ndani mmoja nje, na majirani, kama ilivyo desturi ya majirani, wakakumbuka kwamba ukuta wao wa upande ule unahitaji kufagiliwa.

Tarumbeta alikuwa mezani kwake, waya umechomekwa ukutani, laptopu juu ya kichanja cha sahani.

"Dada, umeamkaje? Naona maboksi tayari. Ndiyo maana nakupenda, huna maneno mengi."

Akabonyeza. "Karibuni," alisema binti mpole. "Kaeni. Nina la kusema, na ni refu."

"La kusema utasema ukifika kwa mwanao, Dada. Jua linapanda, dereva ana safari nyingine."

"Nyumba hii ni yangu. Niliipaka chokaa kwa mikono yangu, na uani kwangu ni mahali pa mnada. Wiki ijayo—"

Bwana Mbao alimtazama mwana, akatazama soketi. Watu wote walimwona akitazama. "Hii meza ndiyo ya kwanza kupanda," alisema, akainama, akaikamata plagi, akaichomoa.

"—watu wataleta vitu vyao kama zamani," aliendelea binti mpole, "nami nitavinadi kama zamani. Anayetaka mahali pa kuweka mbao akajenge banda kwake."

Bwana Mbao alibaki ameishika ile plagi mbele ya uso, kama mtu aliyekata mkia wa mjusi na mkia unaendelea kucheza. Akauvuta waya, labda kuna mwingine. Ukaja wote, mpaka mwisho, ukaanguka miguuni pake. Nyuma ya ukuta mtu alicheka, na ufagio wake ukasimama.

Tarumbeta akasimama. Akaipakata laptopu mkono wa kushoto, kama alivyompakata mwana huyo huyo alipokuwa na homa ya meno, akatoka nayo. Akapita mlangoni, akashuka ngazi, akavuka uani mpaka kwenye pikapu, mahali ambapo sauti yake haikuwa imefika tangu betri ilipogoma. Akaketi kwenye ubao wa nyuma wa gari, miguu ikining'inia. Wao ndio wakalazimika kumfuata.

"Lakini ulikubali, Dada!" Bwana Mbao alikuwa anapandisha sauti sasa, maana majirani walikuwa wengi. "Mbele ya watu! Uliulizwa, ukanyamaza! Tukapanga, nikakodi gari, leo unatugeuka? Mtu mzima hageuki!"

Aliandika. Vidole viwili, kuku anadonoa, na hakuna aliyeweza kummalizia sentensi kwa sababu hakuna aliyejua inakwenda wapi. Wakasubiri. Dereva akazima injini.

"Siku gani mliniuliza, mkangoja nijibu?"

Bwana Mbao akaanza kujipapasa mfuko wa shati, akatafuta mfuko wa suruali.

"Iko kichwani, Mjomba," alisema mkwe kutoka mlangoni. "Na hapa hakuna cha kusoma."

"Kwani ni lazima kuuliza?" alisema Bwana Mbao. "Mambo mengine yanaonekana! Mtu akiwa mgonjwa anaulizwa kama anataka dawa?"

Tarumbeta hakubishana naye. Alibonyeza tena kitufe kile kile.

"Siku gani mliniuliza, mkangoja nijibu?"

Sauti ile ile, adabu ile ile. Hiyo ndiyo faida ya mashine: haipandi, haishuki, haipati kwikwi, haichoshwi na kurudia. Koo la nyama lingekwisha kutetemeka.

"Mzimeni huyo," alisema Bwana Mbao, lakini hakuna aliyejua azime wapi, na waya ulikuwa umelala sebuleni haujashika kitu.

"Tupakie au tusipakie?" aliuliza dereva.

Mwana alikuwa amesimama katikati ya uani, kamba mkononi. Aliizungusha kwenye kiganja, akaizungushua, akaizungusha tena. Mkono wake mwingine uliingia mfukoni, penye ile karatasi ya sukari, ukakaa humo. Mama yake alimtazama yeye peke yake sasa. Mdogo wake, majirani, dereva, wote aliwaacha kando. Alikuwa na siku nzima. Betri ilikuwa imejaa.

"Siku gani mliniuliza, mkangoja nijibu?"

Kamba ikamponyoka mwana ikaanguka chini. Hakuiokota.

"Hakuna siku hiyo, Mama," alisema. "Hatukukuuliza."